Maswali ya Wasomaji: Nihame Mwaloni au Nibaki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nauza dagaa wakavu kwa jumla pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza, mtaji wangu sio mkubwa. Tatizo tumebanana sana, kushoto dagaa kulia dagaa, mteja akiuliza bei kwangu anapita kwa jirani anashushiwa. Mume wangu anasema nihamie Buhongwa pembeni ya mji, fremu nafuu na sitakuwa na mpinzani. Mwanangu wa kidato cha nne kaniambia haya mambo wanayasoma, yanaitwa jiografia ya uchumi. Nihame au nibaki? – Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba mama. Mwanao yuko sahihi kabisa, hilo somo linauliza swali lako hilohilo, kwa nini biashara fulani iko hapa na sio pale, na ikihama nani anafaidi nani anaumia.

Tuanze na gunia lako lenyewe. Hao dagaa wamevuliwa kwa taa usiku wa giza huko visiwani Ziwa Victoria, asubuhi wakaanikwa hukohuko kwenye mchanga au kwenye vichanja, walipokauka ndo wakapakiwa kwenye boti kuja Kirumba. Kwa nini wasiletwe wabichi waanikwe mjini? Kwa sababu dagaa mbichi sehemu kubwa ya uzito wake ni maji, sasa nani alipe nauli ya maji? Mjerumani mmoja, Alfred Weber, aliliandika hili mwaka 1909 akizungumzia viwanda: mali ghafi ikipungua uzito inapotengenezwa, kiwanda kinavutwa kule inakotoka. Ndo maana majineri, yaani viwanda vya kuchambua pamba, yamejaa huku Usukumani karibu na wakulima, maana pamba ikishachambuliwa karibu theluthi mbili ya uzito ni mbegu. Soda na bia ni kinyume chake, nyingi ni maji na maji yapo karibu kila mahali, kwa hiyo kiwanda kinasogea kwa wanywaji.

Sangara naye ana yake, huyo anaharibika haraka, kwa hiyo viwanda vya minofu vimekaa ukingoni mwa ziwa ambako samaki anashushwa bado ana barafu. Minofu inasafirishwa nje, mapanki (vichwa na mifupa) yanabaki yanaliwa hukuhuku, na mabondo (vifuko vya hewa vya tumboni mwa samaki) ambayo ni mepesi ila bei yake ni kubwa yanafika mpaka China na bado mtu anapata faida. Ukilielewa hili la uzito na bei umeshaelewa nusu ya somo.

Sasa huko kubanana. Mama, mnunuzi anayepeleka mzigo Kongo au Burundi hajaja kuchukua gunia mbili, kaja kujaza fuso, anataka aone mali nyingi alinganishe, akikosa kwako apate pembeni. Na wanaomfuata yeye wote wako hapo, makuli, mwenye mizani, mshona magunia, madalali wa magari, wakala wa kutoa na kuweka pesa. Na habari zinapita hapohapo, leo boti ngapi zimeingia, bei ya jana ilikuwaje, mwezi ukiwa mkubwa mzigo utapungua. Mwingereza Alfred Marshall alilieleza jambo hili mwaka 1890, kwamba watu wa kazi moja wakikaa pamoja wanafaidi vitu ambavyo mmoja peke yake asingevipata. Yaani huyo jirani anayekushushia bei ndo huyohuyo anayefanya mteja afunge safari kuja Mwaloni.

Kwa hiyo kwa biashara ya jumla mi nasema usihame. Buhongwa ni biashara nyingine, ya kupima visado, na mteja wake ni wa mtaani anayetafuta mboga ya jioni. Kama una ndugu mwaminifu mpe mzigo kidogo ajaribu huko, ila piga hesabu kwanza nauli ya kutoa mzigo Kirumba pamoja na kodi, usiangalie unafuu wa fremu tu.

Na daraja la Kigongo–Busisi uliangalie kwa makini. Tangu lifunguliwe Juni 2025, zile karibu kilomita 3 za maji ambazo gari lilisubiri kivuko sasa ni dakika chache, mteja wa Geita anakuja na kurudi bila foleni, lakini na wewe ujue fuso la kutoka huku linaweza kwenda lenyewe mialo (wanakoshushia samaki) ya Sengerema, ng'ambo ya daraja, likanunua hukohuko. Ongea na wateja wako wa upande ule mapema, uwapangie bei na uwafungashie vizuri, kabla hawajazoea kununua kwingine.

SWALI: Mwalimu, ziwa tunalo wote, kwa nini Mwanza imeipita Bukoba na Musoma? – Mwanafunzi, Nyegezi

JIBU: Reli, mdogo wangu. Ilifika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, wenzetu hao hawakupata. Pamba ya Usukumani na mizigo ya meli vyote vikakutana hapa, wafanyabiashara wakafuata, mabenki na maofisi yakafuata watu, na kila aliyekuja akampa anayefuata sababu nyingine ya kuja. Ukitaka kuona kwa macho nenda bandari ya Mwanza South, reli inaingia mpaka gatini na meli ya MV Umoja inapakia mabehewa mazimamazima kuyavusha kwenda Port Bell, Uganda.