Mfuate Mdai Wako Kabla Hajakufuata: Kwa Wenye Madeni Huku Kusini

Jumapili nilipokea ujumbe mrefu wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi wilayani Newala. Anadaiwa na mkopeshaji wa mtaani ambaye amemshikia kadi ya benki pamoja na namba ya siri. Anadaiwa na programu mbili za kukopa kwenye simu, na kwenye kikundi ana rejesho kila Alhamisi. Mwishoni ameandika: "Dada, mshahara ukiingia nasikia mlio wa meseji tu. Hela yenyewe siioni. Nifanyeje?"

Ameniuliza mimi kwa sababu aliambiwa niliwahi kudaiwa na watu wanne kwa mpigo, nikawalipa wote bila kuhama mji. Ni kweli. Niliwalipa wote hadi shilingi ya mwisho, na risiti ninazo kwenye bahasha mpaka leo. Mwalimu nimeshaongea naye kwa simu, lakini najua wenzake wapo tele kuanzia Kilwa hadi Nanyumbu, kwa hiyo acha niseme na hapa.

Deni langu lilianza 2018. Nina fremu ya vitenge, madera na nguo za watoto karibu na Soko Kuu, hapa Mtwara mjini. Biashara ya nguo huku kwetu inakwenda na korosho. Oktoba minada ikianza, watu wanashika hela. Desemba shule zikifungwa, watoto wanaingia jandoni na unyagoni, na hakuna mzazi wa Kimakonde atakayekubali mwali wake atoke na nguo ya mwaka jana. Kwa hiyo mwezi wa nane na wa tisa, wakati mkulima hana kitu kwa sababu fedha yote imeishia kwenye palizi na salfa ya kupulizia mikorosho, sisi wenye maduka ndipo tunapojaza mzigo. Mwaka ule nilijaza kama miaka yote. Nilichukua mkopo wa benki, mkopo wa kikundi, na sehemu kubwa mali kauli, yaani mzigo wa kulipia baadaye, kutoka kwa tajiri wangu wa Kariakoo. Kodi ya fremu nayo ilikuwa inanisubiri. Mzigo nikausambaza kwa wauzaji wangu wa Tandahimba, Mahuta na Kitangari, nao wakawakopesha wakulima kwa ahadi ileile ya siku zote: korosho zikitoka.

Korosho zikatoka, hela haikutoka. Wakulima walikataa bei za mnada, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Jeshi likaingia kusomba mzigo. Bei ilimpendeza kila mkulima, lakini malipo yalikwenda na uhakiki, na wengi walisubiri mpaka mwaka uliofuata ukawa umekwenda mbali. Watoto wakatoka jandoni na unyagoni, nguo zikavaliwa, zikafuliwa, zikapauka, na mimi daftari langu la madeni limejaa majina tu.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo nitalirudia mpaka mchoke. Huku Lindi na Mtwara fedha inaingia kwa msimu. Ufuta ni Juni na Julai, mbaazi zinafuata, korosho ni kuanzia Oktoba. Lakini mikopo tunayochukua inadai kila wiki, na hii ya kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, inadai kila siku ya Mungu. Mtu mwenye shamba zuri, mchapakazi, anayeamka alfajiri, anakutwa na rejesho la Machi wakati korosho yake bado ua haijaweka. Kabla hujasaini popote, waulize tarehe za marejesho kabla hujauliza kiasi watakachokupa. Usipokubaliana na tarehe, toka.

Wenzangu wengi sokoni msimu ule walizima simu. Jirani yangu wa fremu, mtu mzima na heshima zake, alikopa kausha damu ili alipe kikundi, akakopa nyingine ili alipe ile ya kwanza. Asubuhi moja tukakuta fremu tupu. Baadaye tukasikia yuko Dar es Salaam kwa wanawe na laini amebadilisha. Mimi nilikataa katakata kukopa deni ili nilipe deni. Nilikaa na daftari, nikaandika nadaiwa na nani, kiasi gani, tarehe ipi, riba na faini zikoje. Upande wa pili nikaandika mimi namdai nani, kiasi gani, na yuko kijiji gani. Kisha nikaanza na yule ninayemwogopa kuliko wote.

Huyo ni tajiri wa Kariakoo. Rejesho lake lilikuwa bado siku kadhaa, na hakuwa amenipigia. Nikapanda basi la alfajiri, Lindi, Nangurukuru, tukavuka Rufiji pale Daraja la Mkapa, jioni nikashuka Dar. Mjomba wangu anayekaa Temeke nikamwomba anisindikize. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli juu yako, na mdai akiona umekuja na mkubwa wako anajua hukuja kutania.

Tajiri alikuwa anahesabu majora. Nikamwamkia, nikamwambia, "Tajiri, sikuja kuchukua mzigo. Nimekuja kukuonyesha hela yako iko wapi." Nikafungua daftari juu ya meza yake, katikati ya majora. Akavaa miwani, akaanza kushuka na kidole: jina, kijiji, madera manne, vitenge sita, imebaki 85,000. Jina, kijiji, imebaki 120,000. Ukurasa ukaisha, akafungua mwingine mwenyewe. Alifika mahali nilipoandika "mjane, asisumbuliwe kabla ya malipo," akanyanyua macho akaniangalia, halafu akaendelea kushuka. Mwisho akasema, "Kumbe hela yangu ipo ghalani."

Nikamwambia nina milioni moja na laki mbili mkononi siku ile, na kila mwezi nitatuma laki mbili bila kukosa, na malipo ya korosho yakianza nitatuma kila ninachokusanya. Mjomba akasema, "Mimi ndiye nitakayekupigia akichelewa, usihangaike kumpigia yeye." Tajiri aliandika masharti yale kwenye kitabu chake cha risiti, tukasaini sote watatu, akachana nakala akanipa. Hakuongeza hata senti. Nilituma kila mwezi. Kuna mwezi nilituma huku nyumbani tunakula mhogo asubuhi na jioni, lakini nilituma, na sioni haya kusema kwamba wafanyabiashara wachache wangefanya hivyo. Mtu yule ananipa mzigo hadi leo kwa kupiga simu tu.

Benki haikuwa na maneno mengi. Niliandika barua kabla ya kuchelewa, nikaambatanisha kurasa za daftari, nikaomba wanipangie upya marejesho. Waliniruhusu kulipa riba peke yake kwa muda, mkopo ukarefushwa. Mwenye fremu naye ni mtu wa hapahapa, tulimalizana kwa kahawa.

Kikundi ndicho kilichoniumiza, na sijapona. Nilikwenda kwenye kikao nikasimama mbele ya wenzangu, nikaeleza, nikatoa nusu ya rejesho, nikaomba nusu iliyobaki waigawe kwenye wiki zijazo. Wakanyamaza, nikadhani tumeelewana. Kesho yake nikiwa dukani mwanangu akaja mbio: "Mama, wanabeba vitu!" Nilikuta wametoa godoro la watoto, cherehani yangu, na sufuria zote hadi ile kubwa ya ubwabwa niliyopewa na marehemu mama. Aliyebeba godoro ni mwanamke ambaye binti yake alitoka unyagoni na nguo zangu, na nguo zile hakuwa amezilipa. Hakuniangalia usoni. Majirani wamesimama barazani, watoto wangu wanalia. Vitu nilivikomboa baadaye, isipokuwa ile sufuria, niliambiwa haionekani. Nikikutana na yule mama njiani tunasalimiana. Mimi ndiye ninayeanza.

Nilikuja kufahamu baadaye, nikakasirika upya, kwamba hata mahakama yenyewe ikiamuru mali ya mdaiwa ikamatwe, Sheria ya Mwenendo wa Madai inaacha nje vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko ya familia, na zana anazofanyia kazi fundi. Mahakama inaacha sufuria! Sisi kwa sisi ndio tunabebeana godoro la mtoto na kuita hiyo nidhamu ya kikundi. Kina mama, tubadilike. Mwenzako aliyekuja kikaoni na nusu ya fedha si mwizi.

Sasa nirudi kwa mwalimu na wote wa namna yake.

Mwalimu, kadi ya benki ni yako. Nenda kwenye tawi lako na kitambulisho, ifungwe, uombe mpya na ubadilishe namba ya siri. Lakini usiifunge kimyakimya ukamkimbia mkopeshaji. Siku hiyohiyo mpelekee barua kwamba deni unalitambua, utalilipa kiasi fulani kila tarehe fulani, na unaomba hesabu ya maandishi: ulichukua ngapi, umeshakatwa ngapi, riba ni asilimia ngapi. Mdai halali hataogopa kuandika.

Hesabu hiyo ikija, isome. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji anatakiwa awe na leseni, na wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, Benki Kuu imewawekea ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tano hiyo ni shilingi 17,500. Linganisha na yule anayekupa laki tano leo na kutaka laki sita na nusu baada ya mwezi mmoja. Muombe nakala ya leseni. Akikosa, au akikataa, malalamiko yako yapeleke Benki Kuu, tena tawi lao liko hapa Mtwara, na upeleke kwa maandishi ukiwa na viambatanisho.

Hizo programu za simu nazo ni vivyo hivyo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Angalia kama yako imo. Na kama walituma meseji za kukuaibisha kwa mwalimu mkuu, kwa shemeji zako na kwa wazazi wa wanafunzi, zipige picha zote usizifute. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, na Tume yake inapokea malalamiko. Sikwambii usilipe ulichochukua. Ulichochukua lipa. Ninachokwambia ni kwamba kudaiwa hakukuondolei utu.

Kitu kingine kinachowatia watu wazimu ni vitisho vya polisi. Deni la mkopo ni kesi ya madai, si ya jinai. Anayekudai aende mahakamani, na huku kwetu mengi yanaanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako unasikilizwa na unaweza kuomba kulipa kwa awamu. Kifungo cha madai kipo, lakini kinapitia amri ya mahakama, hakitoki mfukoni mwa mkopeshaji. Na kama uliweka nyumba rehani benki, kuna notisi ya siku 60 kabla hawajagusa kitu, kwa hiyo usilale na barua hiyo kabatini. Nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Nyie wanaume wa mjini mnaochukua hati usiku mkeo amelala, muogopeni Mungu.

Watumishi mnaokatwa kwenye mshahara, hakikisheni inabaki theluthi moja. Msidanganye fomu ili mkopo upite. Anayekuhurumia kwa kukupitishia mkopo usioubeba hakuhurumii.

Ambaye hajakopa bado na anatafuta mtaji, aanzie halmashauri kwa afisa maendeleo ya jamii. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inakopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, bila riba. Ina foleni na ina fomu, najua. Foleni haijawahi kubeba godoro la mtu.

Na zaidi ya yote, narudia, nenda kabla. Nenda kabla ya tarehe, kabla ya simu ya kwanza, kabla hujatafutwa. Nenda na daftari, nenda na chochote mkononi hata kiwe elfu hamsini, nenda na mtu mzima wa kwenu. Unayemwogopa zaidi, anza naye. Mtu aliyeona daftari lako hawezi kukuita tapeli, na ukishatajwa vizuri na mdai mmoja, wa pili anakusikiliza. Mimi haya sikuyasoma mahali, nimeyaishi, na wanaonifahamu pale sokoni wanajua sisemi uongo.

Mwalimu, tumekubaliana Jumatatu unakwenda benki. Chukua kitambulisho cha NIDA, hati ya mshahara ya mwezi uliopita, na karatasi yoyote uliyosainishwa na yule bwana, hata kama ni ya daftari la shule. Barua ya kwake ukishaiandika nitumie picha niisome kabla hujaipeleka. Hakikisha unaandika nakala mbili, na ya kwako aisaini na kuweka tarehe aliyoipokea. Akikataa kusaini, rudi naye kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti ashuhudie.