Jiji linapoombwa kuunga mkono treni ya sumaku: kwa mnaoanza kazi za mipango miji Nyanda za Juu Kusini

Wadogo zangu mnaoripoti mwaka huu kwenye halmashauri za Mbeya, Iringa, Njombe na miji midogo ya huku juu, karibuni sana. Kila kundi jipya huja na swali lake, na la kundi hili nimeshalisikia mara nyingi: kwa nini na sisi tusiwe na treni ya sumaku? Mmeona video za Shanghai, mmeona na za Japani. Swali ni zuri, na asitokee mtu wa kuwacheka kwa kuliuliza. Mimi nitawaeleza upande mmoja tu, ambao vyuoni haufundishwi sana: siku mradi mkubwa wa reli unapoletwa mezani na jiji likaombwa liuunge mkono. Mkopo utasainiwa wizarani na daraja litachorwa na mhandisi. Lakini ile "ndiyo" ya jiji, yaani kauli ya kuunga mkono, anaiandika mtaalamu kama wewe, kwenye taarifa inayokwenda kamati ya mipango miji na kisha Baraza la Madiwani, na ikishaandikwa ni kazi ngumu mno kuirudisha.

Anza kwa kuuelewa mtambo wenyewe. Ya Shanghai hujiinua kwa nguvu ya sumaku za umeme, ikabaki imeelea kama sentimita moja kutoka kwenye njia yake. Ya Japani hutumia sumaku zinazopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Hiyo hutembea kwa magurudumu ya mpira kwanza, ikifika kama kilomita 150 kwa saa ndipo inanyanyuka sentimita 10. Tarehe 21 Aprili 2015 ilikimbia kilomita 603 kwa saa kwenye majaribio. Jambo la kushika hapa ni kwamba mota inayoisukuma haimo ndani ya treni. Imelazwa kwenye njia, mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kila mita ya njia ni kipande cha mashine. Gharama kubwa iko hapo, na haipungui kwa kununua mabehewa machache.

La pili ni kwamba njia hiyo haipitiwi na treni nyingine ya aina yoyote. Sisi tunalijua tatizo hili kuliko watu wengi. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ilijengwa kwa geji (upana kati ya vyuma viwili vya reli) ya milimita 1,067 ili iungane na reli za Zambia, wakati reli ya kati ya zamani ni ya milimita 1,000. Ndiyo maana pale Kidatu, zinapokutana, mzigo hushushwa huku ukapakiwa kule. SGR, reli yetu mpya ya umeme, nayo imekuja na milimita 1,435. Ukileta treni ya sumaku umeongeza njia ya nne isiyopatana na hizo tatu. Mtu akikuambia kwamba itaunganishwa na mtandao uliopo, muulize mara moja: kwa stesheni ya pamoja ambapo abiria anashuka na begi lake, au kwa reli? Kwa reli haiwezekani. Hata Shanghai, njia yenyewe ni ya kilomita 30 tu kutoka uwanja wa ndege wa Pudong, inaishia stesheni ya Longyang Road, na anayekwenda katikati ya jiji anashuka hapo apande metro.

Sasa twende kwenye majiji yaliyowahi kuombwa "ndiyo" hiyo. München, Ujerumani, nitaipitia haraka kwa sababu somo lake ni moja. Serikali ya jimbo la Bavaria ilitaka treni ya sumaku ya kilomita 37 kutoka stesheni kuu hadi uwanja wa ndege. Meya wa jiji, Christian Ude, alikataa tangu mwanzo. Gharama iliyotangazwa ilikuwa euro bilioni 1.85. Machi 2008 makadirio mapya yalivuka bilioni 3 na mradi ukafutwa. Ukikuta bei kwenye andiko la mradi, tafuta ni ya mwaka gani na nani atalipa ikipanda. Kama halisemi, liandike hilo kwenye taarifa yako kabla hujaandika kitu kingine.

Baltimore, Marekani, inafaa zaidi kwa sababu pale jiji lenyewe liliulizwa. Njia ilikuwa iende Washington kwa takriban dakika 15. Mwaka 2021, rasimu ya tathmini ya mazingira ilipotoka, maofisa wa jiji walipendekeza isijengwe. Waliangalia wakazi wao wa kipato cha chini: nauli ingekuwa kubwa kuliko ya treni ya kawaida iliyopo, na bado ujenzi na usumbufu wake vingeangukia mitaa ya hao hao. Mwaka 2025 serikali ya shirikisho ikausimamisha. Ninachokipenda pale ni kwamba jiji halikuishia kuuliza kama treni ni ya kisasa. Liliuliza ni ya nani.

Ya Japani ndiyo ninayotaka muisome kwa makini, kwa sababu inafanana na nyumbani. Kampuni ya reli ya JR Central inajenga treni ya sumaku kutoka Tokyo hadi Nagoya, kilomita 286, na sehemu kubwa ni mahandaki. Kipande kidogo, kisichozidi kilomita 11, kinapita mkoa wa Shizuoka, chini ya milima. Hakuna stesheni hata moja humo. Juu ya handaki hilo ndiko unakoanzia mto Oi, unaonywesha mashamba ya chai na miji ya chini. Gavana wa mkoa, Heita Kawakatsu, akasema: handaki likitoboa mwamba na maji yakavuja kwenda upande wa pili wa mlima, nani atayarudisha? Akakataa kutoa ridhaa ya ujenzi. Treni ilipangwa kuanza 2027. Machi 2024 kampuni ilikiri kwamba tarehe hiyo haiwezekani tena, na kwamba haitakuwa kabla ya 2034. Mradi wa moja ya nchi tajiri kabisa duniani ulikwamishwa na kilomita chache za mkoa ambao usingepata hata kituo.

Wapo waliomwona Kawakatsu kizuizi cha maendeleo. Mimi naona alifanya kazi ya kiongozi wa mkoa, ingawa kwa mtazamo wangu maswali yale yalipaswa kumalizwa kabla ujenzi haujaruhusiwa mwaka 2014. Na sisi ndio watu wa chai, Rungwe na Mufindi. Sisi ndio watu wa Ruaha Mkuu, mto ambao tangu miaka ya 1990 hukauka wakati wa kiangazi huko chini, huku mpunga wa Usangu, wanyama wa hifadhi na mitambo ya umeme vikigombea maji yale yale. Handaki lolote kwenye milima ya Uporoto au Kipengere linagusa chemchemi za mtu. Kama Tathmini ya Athari kwa Mazingira haina ramani ya vyanzo vya maji, irudishe. Usione haya kuirudisha, hata kama mgeni wa mradi ameshafika na gari lake limepaki nje.

Kuna zoezi ninalowapa vijana, na nawaomba mlifanye wiki ya kwanza. Chukua ramani ya 1:50,000 ya Mbeya na bikari. Njia ya Tokyo hadi Nagoya, ili treni ikimbie kilomita 500 kwa saa, kona zake zina nusu kipenyo kisichopungua kilomita 8. Kwenye ramani yako hiyo ni sentimita 16. Weka sindano, chora, halafu angalia mstari unapita wapi. Jiji letu ni refu na jembamba, limejipanga kando ya barabara kuu kutoka Uyole hadi kuelekea Mbalizi, mlima huku na mlima kule. Mstari wako utakata Igawilo, au utapanda makazi ya Isyesye, au utaingia ndani ya mlima. TAZARA yenyewe, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilibidi ijipinde kwa upole ili ipande hadi Uyole, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, sehemu ya juu kuliko zote katika kilomita zake 1,860. Treni ya sumaku inaweza kupanda mwinuko mkali kuliko reli ya kawaida, hilo ni kweli na ni sifa yake kubwa kwa nchi ya milima kama yetu. Kukunja kona kwa kasi ile ndiko haiwezi.

Mstari ukishakata makazi, unaingia kwenye jambo ambalo mwananchi analijua kuliko wewe: X, alama inayopakwa kwenye nyumba iliyo njiani mwa mradi. Tembea barabara ya njia nne kutoka Nsalaga kwenda Ifisi, zungumza na watu waliowahi kuiona kwenye ukuta wao. X nyekundu maana yake umejenga ndani ya hifadhi ya barabara. X ya kijani maana yake barabara ndiyo iliyokufuata, unastahili fidia. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipopanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, nyumba zilizokuwa salama zikajikuta ndani. Kwa hiyo ukisimama mbele ya mkutano wa mtaa na kusema neno reli mpya, wananchi hawaoni treni. Wanaona brashi na kopo la rangi. Jibu lao liwe tayari mfukoni: uthamini unafanywa lini, nani analipa, kwa fungu gani. Sheria ya uthamini ya 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa inaanza kudai riba, na baada ya miaka miwili uthamini hurudiwa. Msiache jiji lipitishe azimio la kuunga mkono kabla fungu hilo halijajulikana, kwa sababu mtu aliyewekewa X haongezi chumba wala hapati mkopo kwa nyumba ile, hata kama mradi wenyewe utakuja kufutwa.

Kwenye mkutano mmoja wa hadhara, mazungumzo yalipofika kwenye treni za kisasa, alisimama mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa viazi, kitenge kimefungwa kiunoni. Akamwambia ofisa aliyekuwa anaeleza: "Mwanangu, nimekuelewa. Sasa niambie, itasimama hapa au itapita? Na ikisimama, itabeba gunia?" Watu wakapiga makofi. Yule kijana alikuwa ameandaa michoro mizuri, lakini hayo mawili hayakuwemo.

Treni ya sumaku ni ya abiria. Viazi vya Umalila, mchele wa Mbarali, parachichi za Rungwe na mbao za Mafinga hazitapanda. Shaba ya Zambia haitapanda, na malori yake yataendelea kushuka mteremko wa Iwambi na Mlima Kitonga kama yanavyoshuka leo. Ndiyo maana nikiulizwa jiji la Mbeya lielekeze nguvu wapi, nasema TAZARA bila kusita. Kwa miaka mingi imebeba mzigo mdogo sana kuliko uliokusudiwa ilipobuniwa. Mkataba wa kuifufua, na kampuni ya CCECC ya China, wa takriban dola bilioni 1.4 za Marekani, ulisainiwa 2025. Kazi hiyo inahitaji jiji liamke: barabara za kuingia stesheni, eneo la maghala, bandari kavu, hifadhi ya reli isivamiwe. Wakati tunaota kilomita 500 kwa saa, watu wanagawana viwanja kando ya reli tuliyonayo.

Hata hivyo siwakatazi kuota, na siku moja andiko la treni ya kasi litafika kwenye meza yenu, ya sumaku au ya magurudumu. Likija, pendekezo lenu kwa kamati liwe na masharti yaliyoandikwa kwa lugha ambayo diwani ataisoma mbele ya wananchi wake bila kukwama. Liseme jiji linaunga mkono upembuzi yakinifu, maana huo ndio uliopo, wala lisiseme linaunga mkono ujenzi. Liseme stesheni iko kata gani. Liseme vyanzo vya maji vitakavyopitiwa, kwa majina yake ya kienyeji, na wazee wa mitaa wawe wameulizwa. Liseme nauli inayokadiriwa ikilinganishwa na ya basi la kwenda Dar es Salaam. Muhtasari ukishasainiwa, chora ukanda huo kwenye mpango kabambe siku hiyo hiyo na upeleke nakala kwa watendaji wa kata zote unakopita, ili asije mtu akauziwa kiwanja katikati ya mstari ambao wewe ulikuwa unaujua.