Anzia kwa wapagazi wa Tendaguru
Mkuu, umeuliza uandikeje historia ya uvumbuzi wa sayansi ili msomaji wa kawaida hapa Lindi asiitupe ukurasa wa kwanza. Anza na yule mjusi wetu wa Tendaguru, yaani dinosaria mkubwa aliyechimbwa kwenye kilima hicho hapa Lindi, tena anzia mabegani mwa wapagazi. Wajerumani walichimba pale 1909 hadi 1913, ila msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani (wangapi wanamjua?). Mifupa ilifungwa kwenye mianzi, ikabebwa kwa miguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi. Leo kiunzi cha mjusi huyo kiko Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Majina ya Kilatini yasubiri. Msomaji akishauliza umri wa mifupa ulijulikanaje, ndipo umweleze matabaka ya miamba.