Kahawa, tembe za pumu na miraa katika sampuli ya mkojo

Swali: Mimi ni kocha wa mbio ndefu hapa Kasarani, Nairobi. Kijana wangu ana pumu na humeza tembe zenye theofilini. Asubuhi ya mbio hunywa vikombe viwili vya kahawa nzito, na nimesikia kwamba jioni hutafuna miraa kidogo. Akitakiwa kutoa mkojo, nini kitaonekana, na maabara huvitofautishaje vitu hivi?

Jibu: Kocha, kafeini, kichocheo kilichomo kwenye kahawa, itaonekana bila taabu, lakini haimtii mashakani. Iliondolewa katika orodha ya vichocheo vilivyopigwa marufuku michezoni mwaka 2004. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa mikrogramu 12 katika kila mililita ya mkojo. Kikomo hicho hakikuwa kipimo kizuri cha kiasi alichokunywa mtu, kwa kuwa ini huvunja karibu kafeini yote, na chini ya asilimia 3 ndiyo hutoka kwenye mkojo kama ilivyoingia. Daktari anayetaka kujua kiasi kilichomo mwilini hupima damu, au hata mate, ambayo kafeini yake hupanda na kushuka pamoja na ile ya damu.

Theofilini ndiyo yenye kazi kuitofautisha. Ini hugeuza sehemu kubwa ya kafeini, asilimia 80 hivi, kuwa paraksanthini, na kiasi kidogo kuwa theobromini na theofilini, kwa hiyo hata mnywaji kahawa asiyewahi kumeza tembe ya pumu huwa na chembe za theofilini mwilini. Zote tatu zina uzito uleule wa molekuli, yaani 180, na hutofautiana tu katika mahali viliposhikizwa vikundi viwili vya methili (kaboni moja yenye hidrojeni tatu). Mashine ya kupima uzito wa molekuli huziona zote kwenye namba 181 (ile 180 pamoja na protoni moja ambayo mashine huiongeza), na ikizivunja, paraksanthini na theofilini hutoa kipande kilekile cha 124. Kinachobaki ni kuzitenganisha kwa muda ambao kila moja huchukua kutoka: sampuli hupitishwa kwenye safu ya kromatografia, yaani bomba jembamba ambalo kila kitu hulipita kwa kasi yake, na hizo mbili hutoka zikifuatana kama matatu mbili za njia moja. Safu ikiwa imechoka, utaona kwenye skrini mlima mmoja wenye bega ubavuni badala ya vilele viwili, na mpimaji mwenye haraka atahesabu yote kuwa theofilini. Binafsi, nikiliona bega hilo sitii sahihi, narudia kipimo. Kwa mgonjwa wa pumu kosa hilo si dogo, kwa sababu kiwango cha dawa hiyo kinachokubalika katika damu kwa kawaida ni kati ya miligramu 10 na 20 kwa lita, na kukivuka kunaleta sumu.

Miraa ni ukoo mwingine kabisa. Jani lake lina kathinoni, ambayo hupungua jani linapokauka (ndiyo maana vifurushi kutoka Meru hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa sokoni); lina pia kathini. Zote mbili zimo katika orodha ya vichocheo visivyoruhusiwa wakati wa mashindano. Kathini ina kikomo cha mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo, na kathinoni haina kikomo, yaani kiasi chochote kikionekana ni kosa. Hapo ndipo ningemkalisha kijana chini, wala si kwenye kahawa.

Tena usome karatasi iliyo ndani ya pakiti ya tembe zake. Theofilini yenyewe haijakatazwa, ila zipo tembe za pumu zinazoichanganya na efedrini, kichocheo kingine, ambayo ikizidi mikrogramu 10 kwa mililita siku ya mbio huhesabiwa kuwa kosa.