Msiuze mikarafuu bado

Pole sana, dada. Umeuliza kama muuze mikarafuu ili mzee wenu hapo Wete, mwenye kidonda cha sukari unyayoni, awekewe mashine ya kunyonya majimaji ya kidonda. Ngojeni kwanza. Utafiti wa Marekani wa 2005, kwa wagonjwa 162 waliokatwa kipande cha mguu, ulionesha asilimia 56 walipona kwa mashine, 39 bila mashine. Ule wa Ujerumani wa 2020, kwa vidonda vya miguu vya sukari katika matibabu ya kila siku, haukuona faida hiyo. Kwa hiyo kabla ya mashine muulizeni daktari: damu inafika mguuni? Bila damu ya kutosha kidonda hakifungi.

Na mzee asikanyagie kidonda! Mama yangu, naye alikuwa na kidonda kama hicho, alikuwa akikikanyagia kwenda msalani usiku, asubuhi bandeji imelowa chapachapa. Tulipompa magongo ndipo kikaanza kufunga.

Mguu ukinuka, ukiwa mweusi au akishikwa na homa, hospitali siku hiyohiyo.