Usimsifu kocha kwa majeruhi kabla hujamtazama kipa

Nilihama Tanga kuja Ottawa, Canada, mwaka 2010, na kwa muda mrefu nilikuwa naona mpira wa magongo wa barafuni kama vurugu tupu. Wachezaji wanaruka ukuta kuingia, sekunde arobaini baadaye wanaruka kutoka, wengine wanaingia, na mchezo wenyewe haujasimama. Siku za mwanzo nilidhani wanafukuzwa.

Msimu ulioniteka ni ule wa 2012–13. Wamiliki na wachezaji walikuwa wamegombana juu ya mkataba, NHL, ligi kuu ya mchezo huu huku Canada na Marekani, ikachelewa kuanza, mechi zikawa 48 badala ya 82. Na Senators, timu ya hapa, ikageuka wodi. Jason Spezza, mshambuliaji wa kutegemewa, akaumia mgongo, akacheza mechi 5 tu. Jared Cowen akafanyiwa upasuaji wa nyonga. Februari 13, Erik Karlsson, aliyekuwa ametoka kutwaa tuzo ya beki bora wa ligi, akakatwa kano ya kisigino na chuma cha kiatu cha Matt Cooke wa Pittsburgh. Siku chache baadaye kipa Craig Anderson naye akaumia kifundo cha mguu.

Timu ikaingia mtoano hivyo hivyo. Ikawatoa Montreal kwa mechi tano, na katika mechi moja ya hizo Jean-Gabriel Pageau, kijana wa miaka 20 aliyepandishwa kutoka timu ya chini, alifunga mabao matatu peke yake. Kocha Paul MacLean, mzee mwenye masharubu ya kuvutia, akapewa Jack Adams, tuzo ya kocha bora wa mwaka.

Mimi nikawa mpiga debe wake. Kazini, karakana ya mabasi, nilikuwa nawaambia watu kwamba kocha hupimwa siku nyota zake zinapolala kitandani, na kwamba hapa hatuhitaji kupima tena. Mzee mmoja shabiki wa Montreal alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana, wewe hukumtazama kipa." Nikamcheka. Aliyefungwa ana haki ya kulalamika, nilijisemea.

Msimu uliofuata Karlsson alicheza mechi zote 82. Spezza alirudi. Timu ikaishia pointi 88 na kukosa mtoano. Desemba 2014 MacLean akafukuzwa. Majeruhi walipopona, timu ndiyo ikaugua.

Ndipo nilipokwenda kutazama namba za kipa Anderson za msimu ule wa 2012–13. Katika kila mashuti 100 alikuwa akizuia 94. Makipa wengi wa ligi walikuwa kwenye 91. Tatu ni kitu gani? Timu moja hupigiwa kama mashuti 30 kwa mechi, kwa hiyo kipa wa namna ile anakuokolea karibu bao zima kila usiku. Ukiwa na mtu anayekupa bao kila mechi, utaweza kuishi bila beki wako bora, hata kama kocha wako amekaa tu anatafuna ubani. Na Anderson mwenyewe alipoumia, waliokuwa nyuma yake ni Ben Bishop na Robin Lehner, ambao wote wawili baadaye wakawa makipa wakubwa popote walipokwenda. Aliyewakusanya watatu hao alikuwa meneja mkuu, Bryan Murray. Kocha alikuta chakula kimeshapikwa.

Hata hivyo nilikuwa bado nadhani ni bahati ya mara moja. Kumbe hapana. Mwanzoni mwa 2015, Senators wakiwa na kocha mpya, Dave Cameron, Anderson aliumia mkono, halafu Februari Lehner akagongana na mwenzake Clarke MacArthur mbele ya goli, wote wawili wakapata mtikisiko wa ubongo. Akaitwa kipa ambaye hakuna aliyemjua, Andrew Hammond. Alishinda mechi 20 kati ya 23 zilizoandikwa kwa jina lake, akaivusha timu mpaka mtoano. Alizuia mashuti mangapi kati ya 100? 94. Msimu uliofuata timu ikakosa mtoano, na Cameron naye akafukuzwa. Nilikaa jikoni usiku ule na kikombe cha chai, nikajiona mjinga.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio mkubwa: timu ikivuka majeruhi, mwondoe kipa kwenye hesabu kabla hujampa kocha pongezi. Na ikizama, angalia kama aliyeumia ndiye kipa. Montreal walianza msimu wa 2015–16 kwa kushinda mechi tisa mfululizo. Mwishoni mwa Novemba goti la Carey Price likaisha, naye alikuwa ametoka kutwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Hakucheza tena msimu ule, timu ikaishia pointi 82, nje ya mtoano, na mashabiki wakamvaa kocha Michel Therrien kana kwamba ndiye aliyelivunja goti. Mshambuliaji bora kabisa anakaa barafuni kama dakika 20 kati ya 60. Kipa anakaa zote 60. Huwezi kuhesabu "majeruhi wanne" kana kwamba kila mmoja ni sawa na mwenzake.

Baada ya kipa, mimi hutazama timu inavyocheza ikiwa pungufu. Refa akimtoa mtu dakika mbili, wanabaki wanne dhidi ya watano. Kujilinda pale ni mazoezi, ni kila mtu kujua asimame wapi na aelekeze gongo lake upande gani; hakuhitaji kipaji cha ajabu. Kushambulia ukiwa mmoja zaidi ni kitu kingine, kunataka mikono ya watu maalumu. Pittsburgh ya 2010–11 ilinifundisha hili, ingawa niliielewa miaka mingi baadaye. Nyota wao Sidney Crosby alisimama Januari kwa mtikisiko wa ubongo, nyota wa pili Evgeni Malkin akakatika kano za goti Februari, na kocha Dan Bylsma akamaliza na pointi 106, wakiwa hodari kuliko timu zote za ligi kwa kujilinda wakiwa pungufu. Tuzo ya kocha bora aliyopewa mwaka ule sina ugomvi nayo. Lakini kwenye mtoano, dhidi ya Tampa Bay, walipata nafasi 35 za kucheza mmoja zaidi wakafunga bao moja. Wakatolewa kwa mechi saba. Hapo usimlaumu Bylsma: hakuna ubao wa kuchorea utakaokupa mikono ya Crosby.

Na sasa nije kwenye lililonigusa mwenyewe. Mwanangu alipokuwa na miaka kumi na mmoja alicheza ligi ya watoto, beki wa akiba. Mimi nilijitolea kazi ya kufungua mlango wa benchi, kazi ambayo hupewa wazazi wasiojua kuteleza. Ukikaa pale unaona kila kitu. Kocha wetu alikuwa mtu wa kushinda. Dakika za mwisho alikuwa anatumia mabeki wawili tu, wale wale, wengine wanne wanakaa wakipuliza vidole. Mpaka Januari tulikuwa juu ya msimamo, na wazazi wote tulimwona hodari.

Wiki moja wale wawili hawakuwapo, mmoja kavunjika kidole cha mkono, mwingine ana homa. Mechi imebaki dakika tatu, tunaongoza kwa bao moja, refa akamtoa mchezaji wetu. Kocha akampiga mwanangu bega: ingia. Nikafungua mlango. Hakuingia. Alinigeukia, uso mweupe kwenye ile kofia ya waya, akaninong'oneza kwa Kiswahili asielewe mtu, "Baba, nasimama wapi?"

Nusu msimu ilikuwa imepita na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Tulifungwa mawili ndani ya dakika hizo tatu. Kwenye maegesho ya magari kocha akawaeleza wazazi kwamba majeruhi wametuponza.

Tangu siku ile, mimi simpimi kocha Januari majeruhi wakishajaa. Nampima Oktoba, timu ikiwa nzima na inaongoza mabao matatu. Nani yuko barafuni? Kama bado ni mabeki wale wale wanne, huyo kocha anakula mbegu. Kama jozi ya tatu ya mabeki, wale wawili wa mwisho, inapewa nafasi ya kujilinda ikiwa pungufu wakati kosa halina gharama, basi huyo ana kitu. Kocha Bruce Cassidy, akiwa Vegas msimu wa 2022–23, alitumia makipa watano kwa sababu ya majeraha, nahodha wake Mark Stone akafanyiwa upasuaji wa mgongo katikati ya msimu, na akalibeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, na Adin Hill, kipa aliyeingia baada ya Laurent Brossoit kuumia mtoanoni. Ukitazama mechi zake za msimu ule unaona vikundi vyote vinne vya washambuliaji vinacheza kweli. Hapo kipa hayuko peke yake, na pongezi za kocha ni halali.

Dakika za kila mchezaji zinachapishwa baada ya kila mechi, bure. Zitazame hizo kuliko taarifa za majeruhi, maana klabu za NHL zitakuambia fulani ana "jeraha la sehemu ya juu ya mwili" na kunyamaza. Nenda hospitali ukamwambie daktari unaumwa sehemu ya juu uone.

Lipo na hili, na halina mjadala kwangu. Mtu akigongwa kichwa, kocha anayemuuliza "uko sawa?" na kumrudisha barafuni kwa sababu amejibu ndiyo, huyo hata akishinda kumi mfululizo simhesabu. Hapa jimboni kwetu Ontario kuna Sheria ya Rowan ya mwaka 2018, iliyotungwa baada ya msichana wa Ottawa aliyecheza raga kufariki kwa kugongwa kichwa tena kabla hajapona. Mtoto anatolewa, na harudi mpaka daktari aseme. Nimeona kocha akitikisa kichwa kwa hasira wakati mzazi anamwondoa mwanawe benchini. Nilimfungulia mzazi yule mlango.

Mwanangu alihamia timu nyingine msimu uliofuata, kwa mama mmoja aliyekuwa anapanga mabeki kwa zamu kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ukutani. Tulishika nafasi ya tano.