Kidoleni 97, kisiginoni kidonda hakiponi

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mamangu ana kisukari, na kidonda cha kisigino kimeingia mwezi wa pili. Kliniki walimpima oksijeni kidoleni, ikasoma 97. Muuguzi akasema hewa haifiki kwenye kidonda, ndiyo maana askari wa mwili wanashindwa. Inakuwaje? (Msomaji, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Muuguzi amesema kweli, na kipimo nacho hakikudanganya. Kile kipimo husoma damu inayopita kidoleni tu. Ya kisigino hakiyajui. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Kwenye nyama ya mwili wenye afya hubaki kama asilimia 3 hadi 7, na ndani ya kidonda ambacho mishipa yake imeziba yaweza kushuka chini ya 1.

Ukiutazama usaha wa kidonda kama hicho kwa hadubini, utaona nyutrofili, yaani seli nyeupe za damu ambazo ndizo hao askari wa mwili, zimejaa tele, na bakteria katikati yake wamejikusanya kama vichala vya zabibu. Askari wamefika, tena wako hai. Seli hizi hupata nguvu kwa kuvunja sukari bila oksijeni, na oksijeni ikipungua huishi hata muda mrefu zaidi. Kinachoziwezesha ni protini iitwayo HIF: penye oksijeni huvunjwa kila mara, ikikosekana hubaki na kuamsha jeni za kuhimili. Wanasayansi Kaelin, Ratcliffe na Semenza walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kugundua jinsi seli zinavyohisi oksijeni.

Shida iko kwenye silaha. Nyutrofili ikishammeza bakteria, huichukua oksijeni yenyewe na kuigeuza sumu, mwishowe ikatengeneza asidi ileile inayofanya kazi kwenye klorini tunayotia visimani. Oksijeni isipokuwepo, sumu hiyo itengenezwe na nini? Bakteria husalimika, na vimeng'enya ambavyo nyutrofili humwaga huila nyama ya mama mwenyewe.

Kwa hiyo mwombe daktari apime mkondo wa damu mguuni, kwa kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Kisukari cha miaka mingi hukakamaza mishipa, kipimo hicho kikaonekana kizuri bure. Omba pia presha ya kidole gumba cha mguu. Na tafadhali, msimkande mguu kwa maji ya moto. Ganzi ya kisukari humfanya asihisi akiungua. Mguu ukiwa baridi, ukianza kuwa mweusi, au akipata homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.